Mizizi ya mti imeibuka uani? Weka shoka chini kwanza

Mitaa ya zamani ya Nairobi, Kileleshwa, Lavington, Woodley, Muthaiga, haina uhaba wa miti mikubwa yenye mizizi iliyolala juu ya ardhi. Mjakaranda, mukima, mparachichi, Nandi flame, au ule mfikusi uliotolewa kwenye chungu cha sebuleni ukapandwa nje ukiwa na urefu wa goti. Watoto wanajikwaa, mashine ya nyasi inagonga, kabro zinainuka. Kinachofuata hufanana karibu kila ua: anaitwa kijana mwenye shoka aikate, ama inaletwa pikapu ya udongo mwekundu iifukie. Njia zote mbili zinaweza kuua mti. Ya pili huchukua miaka kadhaa, kwa hiyo mti unapoanza kukauka kileleni hakuna anayekumbuka ile pikapu.

Mizizi hiyo haikupanda kutoka chini. Mizizi ya miti mingi huishi katika sentimita 60 za juu, na ile myembamba inayonyonya maji na chakula hukaa zaidi katika sentimita 30 za mwanzo, kwa sababu hewa iko huko. Mzizi unapumua. Kisha kila mwaka unanenepa kama shina linavyonenepa. Mzizi uliokuwa sentimita 5 chini ya ardhi ulipokuwa mwembamba kama kidole, utachungulia nje ukishafika unene wa mkono. Hilo ni jambo la kawaida la uzee wa mti, wala si ugonjwa.

Tatizo ni pale udongo nao unaposhuka. Inama uangalie vizuri. Kama mzizi ni wa mviringo, umesimama juu ya ardhi, na kando yake kuna vijiwe vilivyoachwa juu ya vinguzo vidogo vya udongo, basi maji ya mvua na ufagio vinauchukua udongo wako. Tazama pia gome la mzizi wenyewe: sehemu iliyokaa nje kwa miaka ni ngumu na ya kijivu kama shina, na chini yake mara nyingi kuna ukanda laini wa kahawia uliofichuliwa juzijuzi. Upana wa ukanda huo unakupa picha ya kiasi cha udongo ulioondoka karibuni. Ukikuta ardhi iko sawa na ngumu kama sakafu, mzizi ukiwa umejitokeza mgongo tu, ujue ni unene wa kawaida pamoja na udongo ulioshindiliwa na miguu na magari.

Na hapa niseme wazi: hapa Nairobi, mkosaji nambari moja ni ufagio. Tumelelewa tukijua ua safi ni ua uliofagiliwa kila asubuhi hadi mistari ya ufagio ionekane. Majani yanakusanywa, yanachomwa, udongo unabaki uchi, na mvua ya Aprili inateremka nao hadi kwenye mtaro. Ukifanya hivyo miaka kumi, mizizi haina namna ila kubaki wazi. Hakuna dawa ya mizizi itakayofanya kazi kabla ufagio haujahamishiwa sehemu nyingine ya ua.

Udongo nao una sehemu yake. Upande wa Embakasi, South C na sehemu nyingi za Lang'ata kuna ule udongo mweusi wa pamba: ukinyeshewa unavimba na kufunga hewa, ukikauka unapasuka. Mizizi hubaki juu kwa sababu chini hakuna pumzi. Kwingine mwamba uko karibu sana na ardhi, mzizi ungependa kushuka lakini hauna pa kwenda. Upande wa udongo mwekundu, kama Kitisuru na Karen, ardhi ni ya kina na inapitisha maji, kwa hiyo ukikuta mizizi imetoka huko, shuku mteremko, ufagio au gari linaloegeshwa kivulini kabla ya kushuku kitu kingine.

Matandazo, na hesabu yake

Suluhisho linalofaa miti mingi ni la bei nafuu: rudisha kile ufagio ulichoondoa. Matandazo ya vipande vya mbao vilivyosagwa na mashine ya matawi ndiyo bora kabisa. Unene ni sentimita 5 hadi 10, mimi hupendelea 7. Acha nafasi ya sentimita 15 kuzunguka shina, gome la shina lionekane kavu hadi pale linapopanuka kuingia ardhini. Kwa upande wa nje, enda mbali kadiri ua unavyoruhusu; ukifika pale matawi yanapoishia, vizuri zaidi.

Tuchukue duara lenye nusu kipenyo cha mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 28. Kwa unene wa sentimita 7 unahitaji karibu mita 2 za ujazo. Gunia la mahindi la kilo 90 hubeba takriban debe sita, yaani lita 120, kwa hiyo andaa magunia kama 17 yaliyojaa. Watu wengi huleta magunia matano, wakatandaza kiganja hapa kiganja pale, kisha mwezi ukiisha wanasema matandazo hayasaidii.

Kabla ya kumwaga, mwagilia ardhi usiku mmoja mapema, na kama juu kuna ganda gumu lichokore kidogo kwa uma wa bustani bila kupindua udongo. Usitandike nailoni chini yake. Nailoni huzuia hewa na maji, mizizi myembamba hukimbilia juu yake, na hapo umejitengenezea tatizo jipya. Mizizi minene ikiendelea kuchungulia juu ya vipande, iache. Kazi si kuificha. Kazi ni kulinda ile myembamba iliyo katikati yake.

Wapi pa kupata vipande? Waulize mafundi wa kupogoa miti wenye mashine ya kusaga matawi. Mara nyingi kwao huo ni mzigo wa kutupa, na wakiwa na kazi mtaani kwako watamwaga getini kwa bei ya maelewano. Vikiwa vibichi havina neno ilimradi vinakaa juu ya ardhi. Vinanyang'anya udongo naitrojeni pale tu unapovichanganya ndani yake. Maranda kutoka kwa maseremala yanafaa yakiwa makubwa. Vumbi laini la mbao silipendi: likilowa na kukauka hufanya keki inayorusha maji pembeni. Na usichukue maranda ya nguzo au mbao zilizowekwa dawa ya kijani. Maganda ya kahawa ni mazuri, ila yakiwa mapya yanapata moto, yaache yapoe rundo likiwa limefunuliwa wiki kadhaa.

Hata bila kununua chochote, majani ya mti wenyewe yanatosha mahali pengi. Majani ya mukima ni makavu, yanakaa yamefuma vizuri, hayashikani kama keki. Ya mparachichi pia ni mazuri. Ya mjakaranda ni madogo mno na huisha haraka, changanya na mengine.

Swali la mchwa haliepukiki. Ndiyo, watakuja, hasa kwenye udongo mwekundu, na watakula matandazo. Hilo peke yake halidhuru mti wenye afya. Unachopaswa kufanya ni kuweka matandazo nusu mita mbali na ukuta wa nyumba, fremu za milango na nguzo za mbao, na kukagua kama kuna vichuguu vya udongo vinavyopanda ukutani. Kwa sababu ya mchwa na kuoza, ongeza safu nyembamba kila mwaka, wakati mzuri ukiwa kabla ya mvua za vuli.

Kuna pambo moja la Nairobi ambalo ningelipiga marufuku: ule mduara wa mawe yaliyopakwa chokaa, ukajazwa udongo futi nzima kuzunguka shina na kupandwa maua. Gome la shina halikuumbwa kukaa na unyevu mwaka mzima. Linaoza polepole, mizizi ya zamani inakosa hewa, na mti unajaribu kujiokoa kwa kutoa mizizi mipya inayozunguka shina na hatimaye kulikaba. Mawe si mabaya. Yapange juu ya ardhi kama mpaka wa matandazo, bila saruji na bila kuchimba mtaro.

Kama ni lazima pawe na nyasi

Unaweza kuongeza udongo, ila kwa kiasi kidogo: sentimita 2 hadi 3 kwa msimu, na jumla isizidi 5. Changanya udongo mwekundu uliochekechwa, mboji iliyoiva na mchanga, sehemu sawa. Usilete udongo mweusi wa pamba juu ya mizizi hata kama ni wa bure. Kwa mita za mraba 20 na unene wa sentimita 3 unahitaji mita 0.6 za ujazo, karibu wilibaro tisa au kumi za lita 65. Jaza mabonde kati ya mizizi, migongo iachwe wazi.

Nyasi ya Kikuyu inataka jua na kivulini huota kwa madoa. Ile ya Pemba huvumilia kivuli zaidi. Lakini pale mjakaranda au mfikusi ulipofunga kabisa, nyasi yoyote inapigana vita ya kushindwa, na kila wiki mashine inakwangua mizizi. Kidonda cha mashine au fyekeo ndicho mlango wa kuvu wa kuozesha. Afadhali upande mimea ya kivuli kama klivia, kangaga (fern) au ile mimea mistari ya vyungu ambayo watu huita buibui. Nunua miche midogo iliyo kwenye vijifuko vidogo, chimba kwa kijiko cha bustani mahali ambapo mkono unaingia kati ya mizizi, na ukikutana na mzizi mnene kuliko kidole sogea pembeni. Jembe lisikaribie hapo.

Udongo ulioshindiliwa hasa, kama pale gari lilikuwa likiegeshwa, unahitaji kutobolewa. Chukua mtaimbo, anza mita moja na nusu kutoka kwenye shina ukielekea nje, toboa mashimo ya upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 30, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Mtaimbo ukigonga mzizi, sogea. Jaza mashimo mboji na mchanga, kisha weka matandazo juu ya eneo lote. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukiwa tope, mtaimbo unasiriba kuta za shimo na maji hayapenyi.

Maji: mpira wa dakika tano kila jioni unalowesha sentimita chache na kuifunza mizizi kubaki juu. Katika kiangazi cha Januari na Februari, mwagilia kwa kina kila wiki mbili au tatu. Milimita 25 kwenye lile duara la mita za mraba 28 ni lita 700, sawa na mitungi 35 ya lita 20. Kwa mgao wa maji tulio nao hilo ni jambo kubwa, ndiyo sababu nyingine ya matandazo, na ya kuelekeza maji ya mvua kutoka paani kwenye eneo la mti. Kuhakiki, choma bisibisi ndefu ardhini: inaposhuka kwa urahisi ndipo maji yalipofika.

Kukata mzizi

Wakati mwingine hakuna budi. Hapo chukua futikamba kabla ya msumeno. Pima mzingo wa shina kwa urefu wa kifua, karibu mita 1.3 kutoka chini, kisha gawanya kwa 3.14. Shina la mzingo wa sentimita 126 lina kipenyo cha sentimita 40. Usikate mzizi wowote ndani ya mara tatu ya kipenyo hicho, yaani mita 1.2 hapa, mizizi ya humo ndiyo inayousimamisha mti. Mara tano, mita 2, ni salama zaidi. Waingereza katika kanuni zao za ujenzi karibu na miti huzungushia mara 12 ya kipenyo kama eneo la kulindwa, jambo linaloonyesha jinsi mara tatu ilivyo ukingoni.

Mzizi unaozidi sentimita 5 kwa unene usiukate kabla fundi wa miti anayejua kazi hajauangalia. Usikate pande mbili za mti kwa mwaka mmoja. Acha ipite miaka miwili au mitatu kabla ya kugusa upande mwingine. Kwa kazi yenyewe, fukua kwa mkono na maji hadi mzizi uonekane sentimita 15 kila upande, kata mara moja kwa msumeno mkali wa kupogolea, mkato uwe wima na laini. Panga na shoka hupasua nyuzi ndefu ambazo huoza. Usipake rangi wala lami. Funika siku hiyo hiyo, kwa sababu mizizi myembamba hukauka haraka juani, na umwagilie.

Msimu mzuri kwa Nairobi, kwa maoni yangu, ni Juni na Julai: mvua ndefu zimepita, udongo bado una unyevu, anga ni la mawingu na baridi, majani hayadai maji mengi. Kukata Machi ni kuuingiza mti ukiwa na mguu mmoja kwenye miezi ya udongo laini na upepo.

Kuchonga mgongo wa mzizi ili ulingane na ardhi kunaonekana kama suluhu ya upole, lakini kidonda chake ni kikubwa kuliko cha kukata, na kuoza kunatambaa kuelekea shina. Chumvi, dizeli au oili chafu inayomwagwa ili mzizi ufe huharibu udongo mzima.

Aina ya mti inabadilisha uamuzi. Mparachichi una mizizi ya juu juu mno na huugua kirahisi ugonjwa wa kuoza mizizi kwenye udongo usiopitisha maji. Huo usikate wala usiongeze udongo, mpe matandazo mazito tu. Mkaratusi ukikatwa mizizi karibu na shina huwa hatari ya kuanguka. Mifikusi huvumilia zaidi, ila mzizi uliokatwa utarudi ulipokuwa. Angalia mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands, ule ulioponea ujenzi wa Expressway mwaka 2020: ule mkunjo wa mizizi chini ya shina ndio mti wenyewe, na hakuna bustani ya kawaida inayoweza kuubana.

Kabro, kuta na mabomba

Kabro zilizoinuka ziondoe, lakini usichimbe. Tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, mwaga kokoto safi zisizo na vumbi unene wa sentimita 10, kisha rudisha kabro juu. Njia itakuwa imeinuka, kwa hiyo ishushe kwa mteremko wa angalau mita 1.2 kila upande ili wilibaro na kiti cha magurudumu vipite. Pembeni tumia ubao na vigingi badala ya kingo za zege zinazohitaji mtaro. Kama nafasi ipo, kupinda njia kuuzunguka mti ni rahisi zaidi kuliko yote haya.

Ukuta wa mpaka unaobanwa na mzizi unaweza kuvukishwa: nguzo mbili fupi, boriti ya zege juu, na nafasi ya sentimita 10 kuuzunguka mzizi. Mabomba ya maji taka huingiliwa pale yalipokwisha kuvuja. Mzizi unafuata unyevu wa kiungo kilicholegea. Rekebisha bomba, maana kukata mzizi na kuacha uvujaji ni kuahirisha tu.

Nyumba iliyo kwenye udongo mweusi wa pamba ni habari tofauti. Mti ukinyonya maji wakati wa kiangazi udongo unasinyaa na ukuta unapasuka. Lakini ukiung'oa ghafla mti mkubwa, udongo unalowa tena misimu inayofuata, unavimba na kuinua msingi. Hapo muite mhandisi kabla ya mtu wa msumeno. Na kumbuka kuuangusha mti jijini kunahitaji kibali cha kaunti, na mti ulio nje ya ua kwenye hifadhi ya barabara si wako hata kama kivuli chake kiko kwako.

Dalili ambazo matandazo hayatatui ni hizi: matawi ya kileleni kukauka, majani kuwa madogo mwaka hadi mwaka, uyoga mgumu kama rafu kwenye kitako cha shina, au shina linaloingia ardhini wima kama nguzo bila kupanuka, ishara kwamba limezikwa. Hilo la mwisho unaweza kulianza mwenyewe kwa kuondoa udongo polepole kwa mkono hadi upanuzi uonekane. Mengine yanahitaji fundi. Ila ukiona ardhi imepata ufa mpya upande ulio kinyume na ule mti unakoinamia, au udongo unapanda na kushuka upepo ukivuma, usingoje miadi ya wiki ijayo: ondoa magari, hamisha wanaolala vyumba vya upande huo, na uitishe ukaguzi siku hiyo.